Kokoto la Sufuriani

Tukubaliane mapema, tusije tukalaumiana mwishoni: siku hiyo mjinga alikuwa Bramwel. Hakuwa Quincy, rafiki yake, aliyemshauri, wala Ivyne, mdogo wake, aliyemsaidia. Alikuwa yeye mwenyewe, mwana wa Were fundi cherehani, mvulana wa gredi ya sita mwenye masikio mawili mazima na miguu isiyojua kutulia.

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine za mtaa wa Satellite, Nairobi. Maji yalikuwa yamekuja bombani, kwa hiyo ploti nzima, wapangaji wote wa jengo lao, ilikuwa mbioni kujaza ndoo kabla hayajapotea tena. Namalwa, mama yao, aliamkia mapera. Gunia zima lilikuwa limeshuka na basi kutoka Bungoma, zawadi ya Kukhu Naliaka, nyanya yao, na mapera yakishaiva hayamngoji mtu. Aliyamenya, akatoa mbegu, akayapika kidogo kwa maji ya sukari na ndimu, kisha akayajaza kwenye chupa za vioo yangali moto. Ilibaki kazi moja tu: chupa zichemke ndani ya sufuria kubwa mpaka vijidudu vyote vife. Zikichemka sawasawa, mapera yangekaa kabatini miezi na miezi.

Namalwa alikuwa na hila yake ya kulinda sufuria, aliyofundishwa na Kukhu. Chini kabisa aliweka sahani ya bati, na chini ya sahani akatia kokoto moja. Maji yakichemka, kokoto liligonga bati: ta-ta-ta-ta. Yakipoa au kukauka, lilinyamaza.

"Bramwel," alisema, akichukua kichana chake, "namsuka Mama Shiko hapo mlango wa pili. Wewe kaa hapa. Maji yakipungua, ongeza ya moto kutoka kwenye birika. Nitakuwa nalisikia kokoto. Likinyamaza kabla sijarudi, mimi na wewe tutajuana."

"Sawa, Mama."

Alikaa. Akasimama. Akachungulia sufuria, akachungulia dirisha, akakaa tena. Kule uwanjani filimbi ililia. Mechi ya ploti yao na ploti ya juu ilikuwa inaanza, na ploti yao haikuwa na mlinzi mwingine wa kulia. Dakika hazikwenda. Kokoto nalo liliimba wimbo wake mmoja kama mtu asiye na habari na mpira.

Kichwa cha Quincy kikatokea mlangoni. "Niaje! Tunakungoja wewe tu."

"Siwezi. Mama anasikiza hili kokoto."

Quincy alitazama sufuria, akatazama kopo tupu la kakao juu ya rafu, akacheka. "Anasikiza kokoto ama anasikiza kelele?"

Basi hapo ndipo ujinga ulipozaliwa. Bramwel aliokota vijiwe viwili vya kuchezea, akavitia ndani ya kopo, akamkabidhi Ivyne. "Tikisa hivi, polepole, usiache mpaka nirudi. Nitakupa zamu zangu zote za katuni." Kisha akazima gesi. Alijisifu hata kwa hilo: si alikuwa ameambiwa asimwache mtoto mdogo peke yake na moto? Mtu akiamua kupotea hakosi sababu nzuri.

Ivyne alitikisa kopo mpaka mkono ukamuuma, akahamishia mkono wa pili. Mlango wa pili, Namalwa alisuka nywele akiuitikia mlio ule kwa kichwa, ameridhika. Bramwel aliporudi, amefungwa mabao mawili na amechubuka goti, aliwasha gesi kidogo ili mvuke uonekane. Mama naye akarudi, akazitoa chupa moja moja na kuzipanga mezani. Zilipopoa, vifuniko vilizama katikati vizuri kabisa.

"Umefanya kazi ya mtu mzima," Namalwa alisema. Ivyne alimwangalia kaka yake. Bramwel aliangalia kabati.

Wiki ikapita. Usifikiri ilipita kwa amani. Kila alipopita karibu na kabati, Bramwel aliharakisha hatua, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Jumamosi iliyofuata Namalwa aliondoka mapema kwenda sokoni Kawangware. Baba alikuwa ameshatangulia kazini mjini, na mkobani mwake alikuwa amebeba chupa moja iliyofungwa kwa gazeti. Ilikuwa ya Masila, fundi mwenzake. Masila alikuwa ametoka hospitali juzi tu, tumbo lake limemtesa sana, na daktari alikuwa amemwambia ale vitu laini. "Mapera ya mke wangu yatakusimamisha," Were alikuwa amemwahidi.

Bramwel alikuwa anakunywa chai aliposikia sauti ndogo kutoka kabatini: psss.

Alifungua. Chupa ya mbele kifuniko chake kilikuwa kimevimba. Maji ya sukari yalitoka ukingoni yakichuruzika rafuni, na ndani povu lilikuwa linapanda. Ilinuka busaa, pombe ya kienyeji. Mapera ya Kukhu, ambaye hata harusini hunywa soda, yalikuwa yamelewa!

"Ni zile za kopo?" Ivyne aliuliza.

Bramwel aliufunga mlango wa kabati. Alikuwa amekumbuka gazeti, mkoba wa baba, na tumbo la Masila.

Alikimbilia kwa Mama Shiko akaomba simu. Akampigia baba. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Nani angesikia simu katikati ya cherehani nane zinazonguruma? Akabonyeza namba ya mama, akaikata kabla haijaita. Kumpigia mama kulihitaji maneno. Kwenda mjini kulihitaji miguu tu, na miguu alikuwa nayo.

"Shosho wako, nyanya wa Bungoma, anaumwa?" Mama Shiko aliuliza, akimwona amepauka.

"Hapana, anti. Niangalizie Ivyne kidogo!" Na huyo, akashuka ngazi akiruka mbilimbili.

Matatu, kwa nauli ya akiba yake, ilimfikisha mjini saa ya chakula cha mchana ikikaribia. Alikata kona, akakwepa mikokoteni, akaruka viatu vilivyotandazwa na wachuuzi. Mmoja akamfokea, "We kijana! Kwani umeiba?" Swali hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia. Akapanda mbio ngazi za jengo la mafundi.

Cherehani zilikuwa zimenyamaza. Mafundi walikuwa wameketi juu ya vitambaa wakila. Masila, mwembamba kama futi ya kupimia nguo, alikuwa na chupa mapajani. Alizungusha kifuniko. Psss!

"Were, leo umeniletea soda!" Masila akacheka, akachota pera moja kwa kijiko.

"Baba!" Bramwel alihema. "Mama amesema… anataka hiyo chupa. Ni ya wageni."

Were alimtazama mwanawe toka nywele hadi viatu. "Wageni gani? Mama yako ndiye aliyeifunga kwa mkono wake, akasema ni ya Masila. Na wewe umekuja mjini na nani?"

"Mwache, ni tamaa ya mtoto," Masila alisema. "Nitakubakishia, kijana." Na kijiko kikapanda mdomoni.

Uwongo mwingine ulikuwa tayari ulimini mwa Bramwel. Lakini kijiko kilikuwa na mbio zaidi kuliko uwongo.

"Usile!" alipiga kelele. "Haikuiva! Nilizima moto nikaenda mpira! Ivyne alitikisa kopo!"

Kijiko kikasimama hewani. Masila alikinusa, uso ukamkunjamana, akakirudisha chupani polepole. 

"Kijana," alisema, "unajua dripu inavyouma ikitafuta mshipa? Mimi najua. Hii ingenirudisha palepale."

Were alitoa simu mfukoni. Akaziona simu alizokosa. Hakugomba, afadhali angegomba. Alibonyeza namba ya Namalwa, akamnyooshea mwanawe. "Haya. Maneno uliyotuambia sisi, mwambie mama yako."

Jioni hiyo Namalwa alizitoa chupa zote za siku ile na kuzipanga mezani. Nyingi zilionekana nzima.

"Mama, hizi vifuniko vyake vimezama vizuri," Bramwel alisema kwa sauti ndogo. "Si tumwage tu zile zilizovimba?"

"Kifuniko kikizama kinaniambia hewa haijaingia. Hakiniambii kwamba vijidudu vya ndani vimekufa. Hivyo vinauawa na moto, na moto uliuzima wewe." Namalwa alifungua chupa ya kwanza na kuimwaga ndani ya ndoo. Mapera ya Kukhu yakaanguka pwacha. "Sikiza, mwanangu. Ukidanganya kwamba umepika ugali, utaumbuka ugali ukifika mezani. Lakini ukidanganya juu ya chakula cha akiba, uwongo wako unakaa kabatini kimya, unamngoja mtu. Na hauchagui. Unaweza kumpata mgonjwa, unaweza kumpata Ivyne. Kazi ambayo hakuna anayekuona ukiifanya, hiyo ndiyo ya kufanya kwa uaminifu zaidi."

"Nisamehe, Mama. Na Masila nitamwomba msamaha tena."

"Utamwomba kwa mikono," alisema Namalwa.

Jumamosi ya tatu, mapera mengine yalitoka sokoni Kawangware. Bramwel ndiye aliyeyabeba, akayamenya, akayatoa mbegu mpaka vidole vikakunjamana. Chupa ya kwanza ilikuwa na jina la Masila. Sufuria ikachemka, kokoto likaanza, ta-ta-ta-ta, na Bramwel akakalia kigoda chake. Miguu ilimwasha vilevile. Alikunja moja, akanyoosha nyingine, akaongeza maji kutoka kwenye birika, akakaa tena.

Uwanjani filimbi ililia. Kichwa cha Quincy kikatokea mlangoni.

"Niaje, Bram. Leo ni marudiano."

"Siendi. Tafuteni mlinzi mwingine."

"Ah, buda! Ulishaomba msamaha, mambo yakaisha. Dakika kumi tu. Na hilo kopo si bado liko?" Quincy aliinama akatabasamu. "Ivyne, mrembo wetu, utatutikisia tena, ama vipi?"

Ivyne alilichukua kopo la kakao rafuni, akalipuliza vumbi.

"Nitatikisa, Quincy," alisema. "Lakini chupa moja nitaiandika jina lako, na ikishakaa wiki utaila hapahapa tukikuangalia."