Mama Aliyebeba Mtoto kwenye Mvua

Kila asubuhi Qiaoyun aliuza maandazi ya mvuke mbele ya nyumba yake. Huku akikanda unga, alimkaririsha insha bintiye Suyin. Alikuwa amenunua kitabu kizima cha insha za mfano. Darasa la nne si mchezo, na Suyin kila mara alishika mkia.

"Haya, anza tena. 'Usiku ule nilishikwa na homa kali...'"

"'...Mama akanibeba mgongoni, akakimbia kwenye mvua hadi hospitali,'" Suyin alimalizia. "Lakini mama, wewe hukuni..."

"Wee! Unataka alama au hutaki?"

Ijumaa palikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu Geng aliweka madaftari mezani.

"Niliwaambia watoto waandike tukio la maisha yao," alisema. "Wako thelathini na wawili. Kumi na tisa wamebebwa mgongoni kwenye mvua!"

Wazazi wakaangua kicheko. Mama Haoran, muuza vitambaa aliyekaa karibu na Qiaoyun, alicheka hadi machozi. "Jamani, mvua gani hiyo!"

Qiaoyun naye alicheka, lakini masikio yake yaliwaka moto. Suyin alipougua homa, aliyembeba ni bibi yake. Yeye Qiaoyun alikuwa mbali, jimbo la Guangdong, akishona viatu kiwandani. Miaka minne! Lo, aibu gani hii! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Watu walipotoka, alibaki nyuma.

"Mwalimu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemkaririsha."

"Hauko peke yako, Mama Suyin," mwalimu alisema. "Mtoto hahitaji tukio kubwa. Achague dogo, lakini la kweli. Alikuwa wapi? Aliona nini? Nani alisema nini? Aandike hayo tu. Na kama hamtaki lisomwe mbele ya watu, halisomwi."

Jumapili mchana Suyin alileta ukurasa mmoja. Mama akausoma akiwa amesimama.

"Nilikuwa na miaka sita. Mwanamke mmoja alishuka kwenye basi na begi jekundu. Bibi akaniambia, 'Mwite mama.' Mimi nikasema, 'Shikamoo, shangazi.' Yule mwanamke akacheka. Kisha akaingia jikoni, akafungua bomba. Maji yalitoka muda mrefu, lakini hakuosha kitu."

Qiaoyun akaketi.

"Kumbe uliniona?"

"Nilichungulia mlangoni."

"Sasa ukiisoma hii shuleni, watu watasema mimi ni mama gani?"

Suyin aliinamisha kichwa. Akaishika karatasi ili aichane. Mama akamdaka mkono.

"Acha! Ila kuna jambo umeliacha. Nilikuwa nalia."

"Sikukuona ukilia. Ulinipa mgongo. Mwalimu kasema tuandike tulichokiona."

"Basi andika kwamba leo nimekwambia."

Katika mkutano uliofuata, Suyin alisoma insha yake mwenyewe. Mwalimu alikuwa amempa alama ishirini na saba kati ya thelathini, ilhali awali Suyin hakuwahi kupata hata ishirini. Qiaoyun hakuthubutu kuinua uso. Alitazama tu vidole vyake vyenye unga. Aibu ilikuwa palepale. Lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Haoran akamsogelea.

"Haoran wangu alijifungia chooni," alinong'ona. "Siku niliyorudi kutoka kiwandani, mbali huko. Nilikaa chini saa nzima, nampitishia peremende chini ya mlango. Peremende alichukua. Mlango hakufungua."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nililia, shoga yangu. Ningefanya nini?"

"Haoran anajua kwamba ulilia?"

Mama Haoran alitikisa kichwa kukataa.

"Mwambie leo," Qiaoyun alisema.