Kiti cha Nyuma cha Gari la Teigen

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mashine ya kufulia hadi begani, natafuta soksi iliyonasa, simu ilipolia. Niliiacha. Ikakatika. Ikalia tena.

Alikuwa Arlys, jirani wa nyumba ya pili. Amepita miaka sabini, na hakuna anayepita barabara yetu bila yeye kumwona. Nilijua nitapewa umbea. Lakini sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu aliye kanisani.

"Nadine. Wanao wamo ndani ya gari la Teigen."

"Wanangu wepi?"

"Wawili. Nimewaona kwenye kile kidirisha cha nyuma. Mmoja amenipungia mkono."

Niligeuka. Binti zangu, Kendra na Joy, walikuwa sebuleni wakigombania rimoti. Mume wangu, Dwayne, alikuwa juu anaoga kuondoa vumbi la mahindi. Aliyekosekana ni Lonnie tu, kitinda mimba wangu, miaka saba.

"Arlys, mimi nina mmoja tu huko nje."

Nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma.

"Basi kamtoe," akasema. "Sasa hivi. Navaa viatu nakuja."

Nilimwambia Joy aangalie nyama kwenye oveni, nikachukua koti la Dwayne kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, nikatoka. Huku Iowa, tukisharudisha saa nyuma kwa majira ya baridi mwezi wa kumi, giza huingia kabla viazi havijaiva.

Mzee Teigen, jirani yetu, tulikuwa tumemzika Alhamisi. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na gari. Alilinunua jipya mwaka sabini na sita, gari la kifahari la milango miwili, kila mlango mrefu kama wa zizi. Boneti ndefu, paa jeupe, viti vya mahameli rangi ya divai, na nyuma kabisa kidirisha cha mviringo kisichozidi sahani. Aliliendesha kiangazi kimoja. Kisha akaliingiza gereji, na kwa miaka ishirini na mbili akawa analiosha na kulipiga nta kila Jumamosi, bila kumpa mtu lifti hata ya kufika posta. Watu walisema ana uchoyo wa maili, hataki ziongezeke. Asubuhi ile mpwa wake alikuja na mnunuzi. Walipoona maili zilivyo chache kwenye dashibodi walipigana mabega kama walioshinda bahati nasibu. Walipoondoka waliacha gereji wazi.

Ndani kulikuwa kweusi.

"Lonnie?"

Nilisikia tu mnong'ono. Na saa ya dashibodi. Tik... tik... tik...

Nilikaribia kioo. Mwanangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma, amenipa kisogo, anaongea na upande wenye giza.

"We Lonnie! Unaongea na nani humo?"

"Hawezi kutoka, mama," akanong'ona bila kugeuka. "Kiti cha mbele kinamzuia. Na mimi kimenifungia."

Aliyewahi kupakiwa nyuma kwenye gari la milango miwili anajua. Hutoki mpaka mtu wa nje akulazie kiti cha mbele. Akikusahau, umesahaulika.

Nilivuta mlango. Ulikuwa mzito. Hewa ikanipiga usoni, harufu ya gari jipya, jipya kabisa, kama lililotoka dukani jana. Na chini yake harufu nyingine. Maji ya bwawa. Nywele za mtoto aliyetoka kuogelea.

Nilikilaza kiti mbele. Taa ndogo ikawaka.

Kando ya Lonnie hapakuwa na mtu. Lakini mahameli yalikuwa yamebonyea. Yamebonyea kama mtu anapokaa.

Nilitaka kumshika mwanangu na kukimbia. Lakini nilikuwa nimesimama tangu alfajiri kwenye kiwanda cha mayai, na mtu akichoka mdomo wake hujiendea wenyewe. Nikasema ninachosema kila jioni ya Mungu.

"Haya, tokeni wote. Chakula tayari."

Lonnie akaruka chini. Nilikuwa bado nimekishikilia kiti.

Pale palipobonyea pakainuka. Taratibu.

Kitu cha baridi kikanipita kwenye mkono wa koti.

Niliubamiza mlango, nikamshika Lonnie kifundo cha mkono, tukatoka mbio. Arlys tulimkuta barabarani na tochi, amevaa buti za marehemu mumewe, kila moja inamtosha mara mbili.

"Utaanguka na hizo," nikamwambia.

"Acha maneno. Mtoto ni huyu?" Akammulika Lonnie usoni, kisha masikioni, kama anayekagua ndama mnadani.

"Si unamjua tangu anazaliwa!"

"Hata siku ile nilidhani nawajua." Akamwambia Lonnie atangulie, naye akakimbilia kwenye mwanga wa jikoni kwetu. Ndipo Arlys akanong'ona. "Kiangazi kile Teigen aliwapeleka watoto wetu kuogelea kwenye shimo la machimbo lililojaa maji. Aliwarudisha uwanja wa kanisa, wamebanana humo ndani kama vitoto vya mbwa. Sisi mama zao tukahesabu."

"Mmoja akakosekana?"

"Heri angekosekana, tungejua pa kumtafuta. Alizidi mmoja."

"Wa nani?"

"Ndilo lililotutisha. Kila sura tuliijua. Kila mmoja tungeapa ni wa fulani. Lakini wamezidi. Teigen akasema kila mama amwite wake kwa jina, mmoja mmoja. Aliyeitwa akatoka. Tulipomaliza, akaufunga mlango. Mle ndani bado kulikuwa na pumzi kwenye kioo." Akaigeukia gereji. "Hakuliendesha tena. Ila kila Jumamosi aliingia na ndoo ya kuoshea na mkate wenye siagi. Nilimwona kwa macho yangu."

Mashine ya kukaushia mahindi ilikuwa inavuma mbali kule shambani.

"Lonnie ulimwita kwa jina, sivyo?"

Nilitazama dirisha la jikoni kwetu.

"Nadine?"

"Nilisema wote."

Arlys akazima tochi.

"Kawape chakula," akasema. "Na leo usimnyime mtu."

Jikoni kulikuwa na joto. Dwayne ameshuka, nywele mbichi, anamtania Kendra. Joy ametoa nyama. Kelele za kawaida, vijiko, maziwa, nani kamkanyaga nani. Nilibeba bakuli la viazi vya kuponda nikasimama kichwani mwa meza, nikahesabu, kama ninavyohesabu kila usiku.

"Tupo wote?"

"Wote," wakajibu.

Nilipita uso kwa uso. Kila mmoja wangu. Kila jina lilinijia mdomoni bila kusita, na kila mtoto nilikumbuka uchungu wa kumzaa.

Sisi ni watano, na meza yetu ina viti vitano.

Vyote vilikuwa na watu.

"Kaa basi, Nadine, kinapoa," Dwayne akasema, bila kuinua macho.

Nilihesabu tena, kuanzia upande wa pili. Kisha nikachukua sahani nyingine kabatini, nikapakua, nikianza na watoto. Sikumnyima mtu.

Mimi nilikula nimesimama.