Mkono Uliokataa Maji

Mnanchokoza tu. Nshasema habari hii inanitia kinyaa, na nyie mnaitaka sinia likiwa mbele yetu. Haya, kaosheni mikono kwanza. Atakayetapika asinilaumu.

Sabri wa Kajificheni alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanapili, mchora hina na piko. Maharusi wangapi wa mjini alowachora yule. Sabri naye akenda kusomea uchoraji, na mwalimu akawataka wachore kitu kimoja cha kushikika, chenye mgongo na tumbo: kwa kalamu ya risasi, kwa makaa, kwa wino, kwa rangi za maji. Wenziwe wakachukua mabirika. Yeye akautaka mkono wa shangazi yake.

"Mkono wangu wa kuchorea, si wa kuchorwa," shangazi akamwambia. "Kachore kuku."

Asubuhi moja Bi Mwanapili akafa. Wanawake walipotoka kuteka maji ya kumwoshea, Sabri akajifungia na maiti. Akayeyusha mishumaa, akautumbukiza mkono wa kulia ndani ya nta, ilipoganda akaivua kama soksi. Baadaye akamimina plasta humo. Akapata mkono mweupe, mpaka mistari ya kiganja.

Bi Khairiya, mwosha maiti, aliona kitu. Maji yaliukimbia mkono ule kama yamemwagwa juu ya jani la myugwa, lile la majimbi. Akachungulia mlangoni.

"Sabri, huyu kapakwa nini? Maji hayashiki."

"Mafuta ya nazi, bi."

Akazikwa hivyo hivyo, mkono haujapata maji.

Sabri akakaa kuchora mchana kweupe, dirisha wazi. Wa kalamu ulitoka vizuri. Wa makaa ukatoka na kucha ndefu. Akautazama ule wa plasta. Kucha zilikuwa ndefu kweli.

Wa wino haukukauka. Ulitoa utelezi wa manjano, unanuka kama nyama iliyosahauliwa mfukoni.

Wa rangi za maji, karatasi ikakataa. Rangi ikajikusanya pembeni, katikati pakabaki peupe. Umbo la mkono.

Akaugusa ule wa plasta. Ukabonyea. Ukamkamata kidole.

Akaufunga kwa taulo, mbio mpaka kwa Bi Khairiya.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Unanuka nini wewe?"

Akasema yote, kwa kunong'ona. Bi Khairiya akatema mate.

"Kakulisha kwa mkono huu. We ukamnyima maji."

Akauosha kwa majani ya mkunazi na karafuu maiti. Kucha zikaanza kutoa nta, nyeupe, inajikunja kama funza. Ilipokwisha, maji yakashika. Wakaufukia kaburini kwa mwenyewe, michoro wakaichoma.

Alasiri Sabri akenda kutawadha. Maji yakaukimbia mkono wake wa kulia. Akasugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka. Haukulowa. Mpaka leo haulowi, na mkono usiopata maji mnajua unavyokuwa. Madaktari wanautazama huku wamegeuza pua.

Sinia likitengwa, hakuna anayekaa naye. Anapakuliwa kibakuli, anakula peke yake uani kama paka. Na akishakula kibakuli hakioshwi, kinatupwa, maana pembeni panabaki alama za vidole vya nta. Si vinene kama vyake. Vyembamba, vya kike, vina kucha.