Puti Rangi ya Ufizi

Jua lilikuwa linazama Kwedizinga, nami nafuta vumbi kwenye tela. Sikutumwa na mtu. Ila mle ndani alilala kichanga, na vumbi letu jekundu halina adabu, linaingia hata puani mwa malaika wa Mungu.

Tela lenyewe ni la kukunja, la kitalii. Faraji, mume wa mjukuu wangu Yusra, alikuwa dereva wa watalii. Tajiri wake alipofunga kazi akamwachia. Chini bodi ya bati jeupe, juu turubai. Ukilivuta huku na huku linakunjuka, linakuwa chumba na vitanda vyake. Upepo ulipobeba mabati ya nyumba yao wakahamia humo, mzazi Yusra na mtoto wake Jabiri, ambaye kitovu chake kilikuwa ndiyo kwanza kimekatika.

Kitambaa kikakwama kwenye bati. Nikavuta. Kikakwama tena.

Nikainamisha tochi. Mkwaruzo hauonekani ukiumulika usoni, umulike ubavuni. Nikauona. Mistari imepangana kama ya vidole. Ndani yake majimaji... Nikagusa, nikanusa.

Harufu ya kondo la nyuma lililolala juani.

Nikatema mate. "Faraji! Mume wangu, njoo uone. Kuna mwanamke anakubishia hodi kwa kucha!"

Akaja anacheka. "Bibi nawe! Hiyo ni miiba. Juzi nilivuta tela kutoka Mkata, njia yote migunga."

"Mgunga gani una vidole?"

Faraji ni mtu wa magari, kwake kila kitu ni bodi. Asubuhi akaosha kwa sabuni, akaingiza kidole kwenye nailoni ya mkate, akapapasa bati lote. Anasema kidole kikivaa nailoni kinasikia hata unywele. Kila kilipokwama akaweka chaki. Chaki zikawa nyingi. Yeye alihesabu kazi. Mimi niliona kitu kingine. Mistari yote ilielekea pembe moja.

Pembe anayolala mtoto.

Akapiga msasa. Akachanganya puti ya kuzibia bodi na ile dawa yake nyekundu ya kuigandisha, ikawa rangi ya ufizi, akajaza mikwaruzo, akasugua, akapuliza rangi nyeupe juu. Kazi safi, sisemi uongo.

Magharibi nikiwa jikoni, nikasikia.

Kwaru... kwaru...

Nikatoka na mwiko mkononi. Hakuna mtu. Rangi mbichi ilikuwa imechanwa, puti imechimbuliwa yote, na chini hakuna hata punje. Imekwenda wapi?

Imelambwa. Kwenye bati kulikuwa na ute unavutika kama wa bamia. Ndani ya ute, ukucha. Wa mguu. Mnene, wa njano, bado una kinyama nyuma yake.

Nikaingia ndani ya tela. Yusra amemkumbatia mwanawe, macho yamemtoka.

"Mke mwenzangu," nikanong'ona, "kitovu cha huyu kiko wapi?"

"Nilikizika, bibi. Chini ya mgomba."

"Mgomba upi?"

Nje ya bati, karibu kabisa na goti langu... kwaru...

"Kilidondoka humu, bibi. Nilitafuta sikukiona. Niliogopa mdomo wako."

Mdomo wangu! Mdomo wangu haujawahi kula mtoto wa mtu.

Tukainua godoro. Nikaingiza mkono kwenye mkunjo, pale turubai linapokutana na bodi. Kitovu kilichokatika hukauka kama nyama ya kuanika. Hiki nilichokishika kilikuwa kinene. Kinateleza. Cha moto. Kikanitolea maji kiganjani, kisha kikadunda, kama mshipa.

Nje pakanyamaza. Palinyamaza kama mtu anayesikiliza.

Nikakifunga kwenye kitambaa, nikachukua jembe, nikamwambia Faraji atangulie na tochi na asigeuke. Nyuma yetu kulikuwa na kitu kinameza mate. Hakugeuka. Tukafukia chini ya mgomba, nikamwaga majivu, nikasoma ninachokijua. Mkono niliusugua kwa mchanga, kwa sabuni ya kufulia, kwa ndimu. Harufu imegoma. Ndiyo maana siku hizi nakula kwa kijiko, na watu wanasema bibi anajidai.

Mikwaruzo ikakoma. Faraji akarudia puti na rangi, hata jirani yetu Maryamu akasema tela limekuwa jipya. Jabiri akanenepa. Wote wakasema, bibi kamaliza.

Jioni moja namwogesha, kidole kikapita tumboni. Kikateleza tu. Pale penye kitovu hapakuwa na shimo wala nundu. Palikuwa tambarare. Pagumu.

Nikavuta tochi, nikaiinamisha ubavuni.

Rangi ya ufizi.

Puti. Imejazwa, imepigwa msasa, haina hata alama. Kazi safi kuliko ya Faraji. Maskini Faraji aliapa kuwa si yeye mpaka akalia, nami nikamwamini, maana mkono wake naujua, haujafika huko.

Nikaweka sikio tumboni. Mtoto hakulia. Alinitazama tu.

Kwaru... kwaru...

Ilitoka ndani.

Zahanati walibonyeza wakasema ni kovu, litalainika lenyewe. Sawa. Jabiri sasa anakaa, anacheka, ana meno. Lakini kila magharibi namlaza mapajani, navaa nailoni ya mkate kidoleni, nampapasa taratibu tumbo zima. Yusra huuliza, "Vipi, bibi?" Nami humjibu, "Laini."

Jana alipouliza nilijibu hivyo hivyo.

Kidole kilikuwa kimekwama.