Beseni Jekundu

Kalin aligongana na Fidanka kwenye soko la Jumatatu, mjini Plovdiv, Bulgaria, na mara ile ile akaukumbatia mkoba wake. Fidanka, msichana wa Kiroma, sketi ya maua hadi vifundoni, akacheka.

"Tulia, kaka. Huo mkoba siutaki. Mwenyewe, labda."

Aibu ilimshika Kalin, akanunua pilipili hoho asizozihitaji. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu kutwa, mpenzi hivi, roho yangu vile.

Siku alipokuja Stolipinovo, kwetu Waroma, kumwona Mama Zlatka, mama yake Fidanka, mtaa mzima tulichungulia madirishani. Polisi walikuwa wametuvunjia milango juzi tu, na Mbulgaria akiingia kwetu viatu vinang'aa, hatumwiti mgeni. Mama Zlatka alimpa kahawa kwenye kikombe cha bluu, cha peke yake, kile cha wasio Waroma. Kalin aliliona hilo, likamchoma, ila akataka kujipendekeza. Wenyeji walipotoka kumsindikiza jirani, alikusanya vikombe vyote akaviosha kwenye beseni jekundu.

Masikini, lile ni beseni la sketi na nguo za ndani; chombo kikiingia humo, kwetu ni najisi milele. Mama Zlatka akarudi, akaona. Alivivunja vikombe kimoja kimoja, kisha akafungua mlango. Kalin akatoka.

Kesho yake Fidanka alipiga simu. "Ulifanya makusudi. Umetudharau."

"Mimi? Mama yako kavunja vikombe kwa sababu nimevishika."

"Kwa sababu ya beseni, Kalin."

"Beseni si beseni tu?"

"Kwani kwenu nguo na vyombo mnaosha pamoja?"

"Nguo kwa mashine. Ila mama huloweka soksi kwenye sinki."

"Sinki la vyombo?"

"Ndiyo."

"Halafu wachafu ni sisi." Kicheko kikamponyoka. "Rudi, mjinga wangu. Njoo na vikombe."

Alirudi na vikombe, na posa. Mama Zlatka akaviosha mwenyewe, kwenye beseni jeupe, bila kumtazama. "Na kwenu, mwanangu atanywea kikombe gani?"

Kalin akatoa simu. Akampigia mama yake pale pale, akamwambia anamwoa Fidanka, na sauti ya mama ikasikika chumba kizima.

"Mroma? Haya, mlete Jumapili. Nitanunua vikombe vya karatasi."

Kalin akainamisha kichwa. Machozi yalimlenga Fidanka. Aliyecheka ni Mama Zlatka, akacheka hadi akajishika mbavu, kisha akammiminia Kalin kahawa kwenye kikombe kama cha wenyeji.

"Na mama yako tutaelewana," alisema. "Mwambie aje yeye kwanza. Kikombe cha bluu nitamnunulia mwenyewe."