Ishirini ya Chaki

Mjomba wangu alikuwa dereva wa treni, mtu wa mizaha, ila jambo moja hakulipenda: abiria walimbatiza Kobe, na jina hilo lilimuuma.

Siku za mvua kubwa, mkaguzi wa reli alimwandikia kwa chaki, kwenye mlango wa injini, mwendo asiopaswa kuuzidi. Kisha alitangulia kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, kutazama madaraja, treni ikimfuata polepole. Miaka mingi ilipita hivyo, salama salimini.

Alasiri moja mvua ilinyesha kama imetumwa. Mkaguzi aliandika 20, akagonga mlango ngo, ngo, ngo, akaondoka. Abiria wakacheka: "Leo Kobe atatufikisha kesho!" Mjomba alifuta chaki kwa mkono wa koti. Akaenda sitini.

Kiberenge kilikuwa bado darajani.

Kwenye uchunguzi alisema, "Hakuniandikia kitu." Maiti hajitetei. Lawama zote zikazikwa pamoja na mkaguzi, na mjane wake akabaki kunyooshewa kidole sokoni kwa uzembe wa mumewe.

Haya Mjomba alininong'oneza mwenyewe, wiki aliyofariki, amenishika mkono kwa nguvu. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Kila ikinyesha anaandika mlangoni, mpwa wangu. Nafuta. Anaandika tena."

"Mwambie mkewe, Mjomba."

"Sina uso huo. Utamwambia wewe."

Nikamwahidi. Kusema kweli, nilidhani ni homa tu, anaweweseka.

Tukamzika. Nikanyamaza. Nani anataka mjomba wake aitwe muuaji? Niliona aibu, na aibu ikanishinda.

Jana mchana mvua ilikuja. Nilikuwa peke yangu, napiga pasi. Ngo, ngo, ngo. Nikafungua. Hakuna mtu. Uani matope matupu, hata unyayo mmoja hakuna.

Mlangoni: 20.

Nikaigusa. Mlango mzima ulikuwa umelowa. Chaki ilikuwa kavu.

Nikaifuta haraka kwa mkono wa shati. Hapo ndipo nilipouona mkono wangu ukifanya alichofanya Mjomba.

Mjane yule anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nitakwenda kesho, nimejiambia. Jana pia nilijiambia hivyo. Shati nimelifua mara tatu, nikalianika. Mkononi pale 20 bado inasomeka, na wingu limeanza kutanda.