Ngendo na Lori la Mawe

Kila asubuhi, kabla ya chai, Ngendo alisukuma lori.

Hakusukuma peke yake. Mume wake, Muigai, alikaa mbele kwenye usukani. Nyuma walikuwa Ngendo, binti yake Gathoni, na majirani wawili watatu waliokuwa wakienda kazini. Nyumba za kijiji chao hapo Ruiru zilijengwa karibu karibu. Mtu hangeweza kusema kwamba hakusikia akiitwa.

"Leo ni siku gani?" aliuliza jirani mmoja, bega lake likiwa kwenye chuma.

"Jumanne."

"Basi Jumamosi nitadai mshahara. Mimi sasa ndiye injini ya Muigai."

Watu walicheka. Ngendo hakucheka. Mgongo ulimuuma, na siku ilikuwa haijaanza. Lori lilikohoa, likatoa moshi wa buluu, likawaka. Ngendo akapanda, wakaenda kupakia mawe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Walichukua mawe ya kujengea kutoka machimboni, wakayapeleka kwa wajenzi. Mwaka huo shule mpya ilikuwa inajengwa kando ya barabara ya Thika. Msimamizi wa ujenzi aliitwa Mohinder. Alikuwa amempa Muigai kazi ya kuleta mawe yote ya kuta.

"Lakini yafike kabla ya mvua ndefu," Mohinder alisema. "Yasipofika, nitatafuta mtu mwingine. Usinikasirikie."

Ngendo alijua maana ya maneno hayo. Kabla ya kupata lori, yeye na mumewe walikuwa wakichuma kahawa katika shamba la watu. Kama wangepoteza kazi ya shule, wangerudi huko na vikapu vyao.

Lori lenyewe lilikuwa refu, la rangi ya anga. Aliyelichagua ni Gerishon, kaka yake Muigai, kiongozi wa kwaya ya kanisa. Walikuwa wamekwenda kulitazama Jumapili moja, baada ya ibada, familia nzima. Wanaume walivaa suti. Viatu viling'aa. Gerishon alitembea juu ya bodi, pale nyuma panapokaa mizigo, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kwaya yote itaingia," alisema kwa furaha. "Sauti nyembamba mbele, sauti nzito nyuma. Hata arusi tutaenda nalo."

Mwenye lori aliwapa soda. Wakaliombea lori, wakalinunua. Hakuna aliyeinama kutazama chini yake. Nani angelala mavumbini na suti ya Jumapili?

Sasa, Jumanne hiyo, walipakia mawe mpaka jua likawa kali. Lori lilianza kupanda mlima wa kutoka machimboni. Ghafla kitu kililia chini yake, kama mti mkubwa unaovunjika. Lori likainama upande mmoja, likasimama.

Muigai alishuka. Alitazama chini. Kisha akakaa juu ya jiwe, kofia mkononi.

"Baba Gathoni," Ngendo alimwita. "Ni nini?"

"Springi imekatika."

Wakaanza kushusha mawe, moja moja, kwa mikono yao.

Alasiri alikuja fundi Jasbir Singh, mwenye gereji karibu na viwanda vya Thika. Alizaliwa Thika, na hakuwa mtu wa kuficha maneno. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya lori. Alikaa huko muda mrefu.

"Muigai," sauti yake ilitoka chini, "nani alikuuzia kitanda hiki?"

"Usinicheke, fundi. Nimechoka."

"Sikucheki. Njoo hapa uone. Mama Gathoni, na wewe pia."

Muigai alisita. Ngendo alifunga leso kiunoni, akalala juu ya gunia, akaingia. Jasbir alimwonyesha chuma kirefu kinachobeba lori lote.

"Hii ni chasi. Ni kama uti wa mgongo. Unaona mstari huu?"

"Naona. Umevimba kidogo."

"Ni ufa wa zamani. Ulichomelewa, ukapakwa rangi. Kama mngetazama siku ile, mngeuona."

Ngendo alikumbuka soda na suti. Aliona aibu.

Walipotoka, Muigai aliuliza, "Linaweza kupona?"

"Springi nitabadilisha. Ufa ule, hapana. Lori hili lilitengenezwa kubeba vitu vyepesi. Nyasi kavu. Magodoro. Nyinyi mnatia mawe mpaka bodi ijae, kwa sababu bodi ni ndefu na inawaita. Mawe ni mazito. Lori la mawe liwe fupi, liwe na springi nene, na tairi mbili mbili kila upande wa nyuma."

"Lakini kwaya..." Muigai alianza.

"Kwaya inakulipa?"

Muigai alivaa kofia, akaenda kumsaidia kukunja gunia.

Juma hilo, springi ilipokwisha kubadilishwa, waliuza lori kwa mtu wa Kalimoni aliyebeba nyasi za ng'ombe. Ngendo mwenyewe alimwonyesha ule ufa. Kwa hiyo bei ilipungua, lakini hakutaka mume wa mwanamke mwingine akae juu ya jiwe, kofia mkononi. Waliuza pia mtamba wao, ng'ombe wao pekee. Sasa hawakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Kabla hawajaanza kutafuta lori jingine, Jasbir aliwaeleza mambo machache.

"Mwambie mwenye lori asiliwashe mpaka mfike. Injini baridi haiwezi kudanganya. Tazama moshi. Ukiwa wa buluu, injini inakula oili. Linganisha namba ya injini na ile iliyo katika kitabu cha gari. Uliza kama vipuri vinapatikana hapa Thika, au ni mpaka viletwe kwa meli. Na msilipe pesa zote mlizo nazo. Tairi zitataka pesa, breki zitataka pesa."

"Na kama mwenyewe ana haraka?" Ngendo aliuliza.

"Mwache na haraka yake."

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milima. Asubuhi moja walikwenda Thika kwa dalali mmoja aliyeitwa Kagwe. Safari hii Ngendo alivaa nguo ya shamba. Kagwe aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni! Lori lenu hili hapa. Fupi, lina nguvu. Na kwa kuwa nawapenda, nitawaongezea mashine ile kwa bei ndogo."

Alionyesha mashine ya kuinulia mizigo. Ilikuwa na mikono miwili ya chuma mbele, kama uma. Muigai aliizunguka. Macho yake yaling'aa kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Mama Gathoni, fikiria. Hii inainua mawe yenyewe. Hutabeba tena."

Ngendo aliifikiria. Mgongo wake uliifikiria zaidi. Kisha akainama, akagusa magurudumu yake. Yalikuwa madogo, magumu, kama ya kigari cha mtoto.

"Inafanya kazi wapi?" aliuliza.

"Kiwandani," alisema Kagwe. "Kwenye sakafu ya simiti."

"Na kwenye matope ya machimbo?"

Kagwe alikohoa. "Labda mtatandika mbao."

Ngendo aliiacha. Alikwenda kwenye lori, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiondoa haraka.

"Bwana Kagwe, mbona lori limeamka mapema kuliko sisi?"

"Nililipasha moto kidogo tu, mama. Ni heshima kwa wageni."

"Tuliomba usiliwashe."

"Lakini linawaka! Na kuna mtu mwingine anakuja mchana. Amueni."

Muigai alimvuta mkewe kando. Uso wake ulikuwa umekonda.

"Tununue tu," alinong'ona. "Mvua inakuja. Mohinder hatangoja. Mimi nimechoka, Ngendo."

"Mimi nimechoka kukushinda," alijibu polepole. "Ndiyo sababu sitaki kusukuma tena."

Muigai alimtazama. Kisha akashika mkono wake, wakaondoka. Walirudi nyumbani bila lori. Usiogope kuondoka mikono mitupu, msomaji. Ni vigumu, lakini lori baya ni gumu zaidi.

Siku ya tatu baada ya hapo, Jasbir aliwapeleka kwa Manubhai, mwenye duka la mbao. Alikuwa na lori fupi, la kijani, rangi imebanduka kila mahali. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba.

"Sura yake mbaya," Muigai alisema.

"Mimi pia," alisema Manubhai, "lakini nimeoa."

Boneti ilikuwa baridi. Muigai aliwasha. Lori likaguna mara mbili, likawaka. Moshi ulikuwa mweupe kidogo, kisha haukuonekana. Muigai alivua koti, akalala chini kabla mkewe hajamwambia. Alipapasa chasi yote kwa kidole. Ngendo alilinganisha namba ya injini na ya kitabu, tarakimu moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawa.

"Bwana Manubhai," alisema Muigai, "tunaomba tulipakie mawe kwanza, tulipandishe mlima wa machimbo. Likipanda, tutalipa."

Manubhai alikuna kichwa. "Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo. Haya. Lakini mimi nakaa ndani!"

Walikwenda Ruiru pamoja. Walipakia mawe, wakaacha kabla bodi haijajaa. Lori lilipanda mlima taratibu. Springi zililia, zikavumilia. Kileleni Muigai alijaribu breki, likasimama palepale. Ngendo alifumba macho, akashusha pumzi.

Walilipa. Pesa kidogo zikabaki, wakanunua tairi mbili.

Gerishon alikuja kulitazama. Alilizunguka kwa huzuni. "Kwaya itakaa wapi?"

"Kwaya ina miguu, shemeji," Ngendo alisema.

Tangu siku hiyo, Muigai alipima oili na maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Hakupakia kupita kiasi, hata alipokuwa na haraka. Alikodi vibarua wawili wa kupakia, naye Ngendo akaacha kubeba. Safari zikawa nyingi, lakini kila safari ilifika.

Mzigo wa mwisho wa mawe ya kuta ulifika shuleni jioni moja, mawingu yakiwa meusi. Mohinder alitembea kando ya mawe akiyagonga kwa fimbo.

"Nyumba za walimu zinaanza mwezi ujao," alisema. "Mawe ya hizo pia mtaleta nyinyi. Haya, nendeni, mvua hiyo."

Walikuwa bado njiani matone ya kwanza yalipoanguka. Mbele ya nyumba, Muigai alizima injini.

"Mama Gathoni, tumefika."

Ngendo hakujibu. Alikuwa amelala, kichwa chake kikiwa kwenye kioo cha dirisha. Muigai hakumwamsha. Alivua koti lake, akamfunika. Kisha akakaa kando yake, akisikiliza mvua ikipiga paa la lori.